Taa ya Barazani

Jioni moja tulikuwa wageni katika nyumba ya mzee mmoja, na saa ya taarifa ya habari ilikuwa imewadia. Mjukuu akawasha televisheni; kioo kikaonyesha maandishi tu. "Babu, kifurushi kimekwisha," akasema. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na habari za nchi nazo zimekwisha?"

Tulicheka sote, lakini swali lile tulirudi nalo nyumbani. Je, habari za nchi ni bidhaa, apate mwenye fedha na akose asiye nazo? Au ni mali ya wote, kama njia iendayo sokoni?

Hatusemi kwamba kuuza vipindi ni kosa. Atengenezaye filamu amefanya kazi, na kazi ina malipo yake. Apendaye filamu za Netflix na azilipie, wala pasiwe na lawama. Lakini yatupasa kupambanua kitu cha kujifurahisha na kitu ambacho raia akikikosa hawezi kutimiza wajibu wake. Habari za kipindupindu, za mafuriko na za uchaguzi ni za namna hii ya pili.

Tena tuangalie jinsi vyombo vyenyewe vinavyofanya kazi. Mnara wa televisheni ukirusha mawimbi, gharama yake ni ile ile, watazame watu 10 au 10,000. Ni kama taa iliyotundikwa barazani: wageni wakiongezeka, mafuta hayaongezeki. Lakini kipindi kijacho kwa intaneti kila mtazamaji hukivuta kwa bando lake mwenyewe. Hiyo ni taa ya chumbani, kila mtu na mafuta yake.

Nchi yetu yaijua faida ya taa ya barazani. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio ya taifa, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hakuna aliyeulizwa kama amelipia. Kama mafundisho yale yangalikuwa ya wenye fedha tu, maradhi ya jirani yangaliwarudia hata hao. Kwa maana mtu hawezi kujinunulia afya peke yake katika kijiji kichafu.

Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyazuia makampuni kadhaa ya televisheni za kulipia yasionyeshe chaneli za bure za nchini, kwa kuwa leseni zao hazikuyaruhusu. Amri ile iliwasumbua wengi wenye ving'amuzi hivyo, lakini kanuni iliyo ndani yake ni ya haki: cha bure kisigeuzwe biashara. Uingereza nako, chini ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1996, fainali ya Kombe la Dunia ni miongoni mwa mashindano yasiyoachwa yawe ya wanaolipa peke yao. Hata penye soko kubwa, basi, watu wameliwekea mpaka.

Yuko atakayesema: "Cha bure hicho si cha bure, kodi zetu ndizo zinazokilipia, na mshika taa huimulika apendako yeye." Ni kweli. Ndiyo sababu chombo cha umma kina deni kuliko vyombo vyote. Kimelipiwa na wote. Hakina budi kusema kweli kwa wote, hata kweli isiyowapendeza wakubwa. Kikiwa sauti ya wachache, kimewafungia wengine mlango sawasawa na kifurushi kilichokwisha. Lakini taa ikitoa moshi hukatwa utambi na kusafishwa kioo, haizimwi.

Basi, wazazi na vijana, aliye na taa chumbani asiseme kwamba ile ya barazani haimhusu. Na aitunze, na amdai mwenye kuishika aishike vema. Iko siku naye atatoka nje usiku.