Kovu na Hukumu ya Kupona

Jeraha hufunga, damu hukoma, na watu husema mgonjwa amepona. Je, nani mwenye haki ya kutoa hukumu hiyo: aitazamaye ngozi, au mwenye ngozi?

Swali hili huzuka kwa nguvu katika kovu la keloidi. Kovu la kawaida hukoma mpakani mwa jeraha. Hili huvuka mpaka. Tundu la herini sikioni, chunusi kifuani au chanjo begani yaweza kuzaa uvimbe mgumu ukuao kwa miezi na miaka. Watu weusi hupatwa nalo zaidi kuliko weupe. Mapema katika karne ya 19 tabibu Mfaransa, Jean-Louis Alibert, alilipa jina kwa kulifananisha na gando la kaa. Si saratani wala haliui. Kwa hiyo wengi hulidharau.

Lakini huwasha, huuma, na huvuta macho ya watu. Likikatwa tu, mara nyingi hurudi. Ndiyo sababu matabibu huongeza sindano za steroidi au mionzi.

Yaweza kusemwa kuwa dawa ni kubadili macho ya watu, si ngozi. Wazee wa Kimakonde walichanja nembo nyusoni mwao, na jamii ikaziheshimu. Hoja hii ina ukweli nusu. Dharau kweli hutoka kwa watazamaji, na wao ndio wapasao kuiacha. Walakini nembo ilikuwa na maana kwa aliyeichukua. Keloidi humjia mtu bila kuitwa, na mwasho wake wa usiku haungoji mtazamaji.

Mwaka 1994 Finlay na Khan, wa Cardiff huko Wales, walitoa maswali 10 kwa wagonjwa wa ngozi kuhusu juma lililopita: mwasho, haya, mavazi, kazi, mapenzi. Majibu hujumlishwa toka 0 hata 30. Hesabu hiyo haipimi ukubwa wa kovu. Kovu dogo shavuni laweza kumwelemea mtu kuliko kovu kubwa mgongoni, na tabibu hawezi kulijua hilo kwa kutazama.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tabibu aweza kushuhudia kuwa jeraha limefunga. Kwamba mtu amepona, hana budi kumwuliza mwenyewe, na kuliamini jibu lake.