Kata Mshipi, Mjomba

Jicho langu la kulia lilifumba usiku wa manane, lisifumbuke tena mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Sikupigwa wala sikuchomwa na kitu. Nilijipangusa jasho kwa mkono uliokuwa na damu ya samaki mkunga, basi.

Tulikuwa Sabaki, upande wa chini ya daraja, mwezi wa Mei, masika yamekolea na mto umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yale yanatoka mbali. Ni Athi ule wa bara, unaopokea Mto Nairobi, ukapita Ukambani, ukifika Tsavo ukaitwa Galana, na sisi wa pwani tukauita Sabaki pale unapoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Usiku wa maji machafu kama huo ndio mikunga hutoka mashimoni kutafuta chakula. Mjomba alinipa mshipi, akatia nyungunyungu mnene kwenye ndoana, akaniambia nisisinzie. "Akigusa tu, mvute. Ukimwachia ataimeza, na akishaimeza, mjomba, kazi ni nyingine." Nasi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba.

Nikasinzia.

Nilipozinduka mshipi ulikuwa umekaza kama waya. Nikavuta, akaja, mrefu kuliko mkono wangu. Alipotoka majini tu akajisokota, akajizungushia mshipi mwilini, kisha akauzungusha kwenye vidole vyangu. Nikamshika kwa kiganja, akaponyoka. Nikamshika tena, akaponyoka. Ule ute wake ni kama kushika sabuni iliyolowa ndani ya ndoo ya maji. Nikafanya lile nililoona ni akili: nikamkokota mpaka kwenye mchanga mkavu, nikamvingirisha humo ili apate kushikika, nikamkanyaga, nikavuta mshipi kwa nguvu zangu zote. Damu ikanitoka vidoleni, ikamtoka na yeye mdomoni. Hapo ndipo nilipojipangusa uso.

Aliponiponyoka mara ya mwisho alielekea mtoni, nami nikamfuata kwa magoti, tochi nimeiacha nyuma, jicho limeanza kuwaka. Mjomba alinikamata ukosi wa shati. Hakupiga kelele. Sabaki ina viboko, na usiku hupanda kwenda malishoni kwa njia zilezile tunazoteremkia sisi. Ina mamba vilevile. Mimi nilikuwa nusu ya mwili majini, gizani, kwa ajili ya ndoana ya shilingi chache.

"Kata mshipi, mjomba."

Nikamwambia ndoana yangu. Akaukata yeye.

Mkunga yule hakwenda popote. Alilala kwenye maji ya kina kifupi, tumbo juu, akafa. Tulipompasua nyumbani tulikuta ndoana imeingia mpaka karibu na tumbo, na kule kuvuta kwangu kumemchana ndani. Mjomba alikaa kimya muda mrefu akimtazama. Kisha akaniuliza kama najua samaki huyu ametoka wapi.

Sikujua. Kwetu wengine hawamli, wanasema ni nyoka. Lakini ni samaki kamili: ana mapezi, na hata magamba anayo, madogo sana, yamezama ndani ya ngozi. Na mkunga wa mtoni hazaliwi mtoni. Wataalamu wanaamini mikunga wa mito yetu huzaliwa katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, wakachukuliwa na mkondo wakiwa bapa kama jani, wakafika milangoni mwa mito wakiwa vitoto vyembamba vinavyoonekana hadi ndani kama kioo. Wanapanda mto, wanakaa miaka mingi, wengine zaidi ya kumi, kisha wanarudi kulekule baharini kuzaa mara moja tu na kufa. Ukimuua kwa pupa mkunga mwembamba ambaye hata chunguni hafai, umekata safari ambayo bado nusu. Na safari hiyo imeshakuwa ngumu: jirani yetu Tana una mabwawa matano ya umeme yaliyofuatana, tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, na kila ukuta ni mlango uliofungwa.

Usiku uliofuata, jicho langu likiwa bado jekundu, Mjomba alinirudisha palepale. Kabla ya kutia chambo alichovya gunia mtoni, akalitandika kwenye nyasi, mbali na ukingo. Akachukua koleo ndogo, akakibana kile kimwiba cha nyuma cha ndoana, kinachoizuia isichomoke, mpaka kikalala. Ndoana zenyewe zilikuwa kubwa kuliko zangu za jana, maana ndogo ndiyo humezwa upesi.

Alipopata wake hakumpandisha kwa mapambano. Alimteremsha juu ya gunia lililolowa, akamfunika kwa kitambaa kilicholowa pia, akaulegeza mshipi kidogo asipate kitu cha kujisokotea. Kisha, taratibu mno, akamgeuza chali. Nisingeamini kama sikuona. Yule mnyama aliyekuwa akijipinda kama kamba iliyofunguka alitulia, tumbo jeupe juu, anahema tu. Mjomba akamshika nyuma ya kichwa kwa kitambaa bila kumbana, akaingiza koleo, akaizungusha ndoana kinyume cha ilivyoingia, ikatoka. Haikufika nusu dakika.

Unyevu ule una maana. Ute ndio ngao ya mkunga dhidi ya maradhi, na ngozi yenye maji humsaidia kupumua anapokuwa nje. Mchanga mkavu niliomvingirisha ulimvua ngao na kumkausha pumzi kwa pamoja.

Wa pili alikuwa ameimeza. Mjomba hakuchungulia hata mara mbili. Akakata mshipi karibu kabisa na mdomo na kumwachia. Samaki anayebaki na ndoana ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko anayechomolewa matumbo.

Wa tatu alikuwa mnene, wa chungu. Huyo alimpiga rungu kichwani pigo moja kabla ya kisu kumgusa, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nami akanilazimisha ninawe ingawa sikugusa kitu. Damu ya mkunga ikiwa mbichi ina sumu. Ikiingia jichoni au kwenye kidonda huwasha na kuvimbisha. Moto huiua, ndiyo maana nyama yake iliyoiva vizuri haina neno. Jana yake muuguzi wa zahanati alinimiminia maji safi jichoni kwa muda mrefu, akaniambia ningefanya hivyo palepale mtoni, kwa maji ya kunywa tuliyobeba, badala ya kulisugua njia nzima.

Alfajiri tulipokuwa tunakunja mishipi, Mjomba alimwinamia mkunga mwembamba wa mwisho kwenye gunia, akanipa koleo. Nikamgeuza chali. Mikono yangu ilitetemeka, na vidole vilivyokatwa jana vilikuwa vinauma, lakini akatulia. Ndoana ilipotoka nilifunua kitambaa nikasogea nyuma. Alijipindua, akapita kwenye nyasi zenye umande bila haraka, kichwa kimeelekea mtoni kana kwamba anausikia, akateleza ukingoni akazama kwenye maji yale ya rangi ya chai.

"Mwingine," Mjomba akasema, akalichovya gunia tena.