Kuiga na Kuitikia: Suala la Maadili katika Mwendo wa Pamoja

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki umezoea kulitumia neno "kuiga" kama tuhuma. Mhusika anayeiga huhesabiwa kuwa amepotea: amevua utamaduni wake na kuvaa wa mwingine. Aghalabu tuhuma hiyo hutolewa pasi na kueleza kosa lenyewe liko wapi. Makala haya yanakusudia kuuliza iwapo ubaya umo katika tendo lenyewe la kuiga, ama umo kwingine. Tutashikilia kwamba kosa si kufanana na mwingine, bali ni kwenda pamoja pasipo kuitikiana.

Mwili unaoiga

Suala hili ni kongwe. Plato, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, alihofu kwamba uigaji unaoanza utotoni huishia kuwa tabia ya mwili, ya sauti na ya fikra. Aristotle, katika sura ya nne ya Poetics, alisema kuwa binadamu huwapita wanyama wengine kwa kuiga, na kwamba masomo yake ya kwanza huyapata kwa njia hiyo. Wote wawili walikubali kuwa kuiga humuumba mtu. Walihitilafiana kuhusu kama jambo hilo ni la kuogopwa.

Sayansi ya ubongo imelifufua swali hilo. Mwaka 1992 watafiti wa Parma, Italia, akiwamo Giacomo Rizzolatti, walieleza kuwa katika ubongo wa tumbili kuna seli za neva zinazosisimka mnyama anaposhika kitu, na vilevile anapomwona mwingine akikishika. Wengi waliharakisha kuzifanya seli hizo asili ya huruma, ya lugha na hata ya utamaduni. Gregory Hickok, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alionyesha jinsi madai hayo yalivyouzidi ushahidi.

Kwa mintarafu yetu, jaribio la Ivana Konvalinka na wenzake la mwaka 2010 lina uzito zaidi. Watu wawili wawili waligonga kwa kidole mapigo ya kulingana, kila mmoja akisikia mapigo ya mwenzake. Hakujitokeza kiongozi wala mfuasi. Kila mmoja alijirekebisha kwa mwenziwe, pigo baada ya pigo, hata wote wawili wakawa wafuasi. Usikivu ulipokuwa wa upande mmoja, aliyesikia ndiye pekee aliyefuata. Fasihi simulizi yetu inalo jina la jambo hili: kiitikio. Mwimbishaji hutoa na kundi huitikia. Lakini mwimbishaji hodari naye hulisikiliza kundi, akapunguza au akaongeza kasi kwa jinsi linavyompokea.

Ufuo na gwaride

Tuchukue mfano wa Kisumu. Mtaa wa Milimani, uliokuwa makazi ya Wazungu enzi za ukoloni, hauko mbali na ufuo wa Dunga, mahali ambapo uvuvi ni riziki ya wengi. Katika fuo za Ziwa Victoria kokoro huvutwa hadi nchi kavu na makundi mawili, kila moja likiwa limeshika kamba ya ncha yake. Kundi moja likiwahi, wavu hupinda na samaki hutoroka. Hivyo kila kundi sharti lisome mwendo wa jingine, na kila mvutaji ausome mgongo wa aliye mbele yake.

Gwaride ni kinyume chake. Miguu hulingana kuliko ya wavuvi, ila mapigo hutoka upande mmoja. Askari anayepunguza hatua kwa ajili ya mwenzake anayechechemea huhesabiwa kuwa amevunja mstari. Mwaka 2009 Scott Wiltermuth na Chip Heath walionyesha kuwa watu waliotembea kwa hatua za kulingana walishirikiana zaidi baadaye. Mwaka 2012 Wiltermuth alionyesha upande wa pili: waliolinganisha hatua na mtu fulani walikuwa wepesi zaidi wa kumtii alipowaomba waue vijidudu. Kulingana huleta nguvu, lakini hakuchagui lengo la nguvu hiyo.

Hata hivyo, gwaride lenyewe laweza kugeuzwa. Beni, ngoma iliyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 na kuenea hadi Tanganyika, iliiga sare, vyeo na tarumbeta za jeshi la mkoloni. Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975, alikataa kuiona kama ukasuku. Wachezaji waliifanya amri kuwa ngoma, na ngoma ikawa uwanja wa kujibizana baina ya makundi hasimu.

Lawino na Ocol

Kwa mwanga huo tuisome upya Song of Lawino (1966) ya Okot p'Bitek, ambaye mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa mjini Kisumu. Ni kawaida kusema kwamba Lawino anaulaani uigaji wa Ocol. Lakini Lawino anatamka kuwa hadharau desturi za wageni. Uchungu wake ni kwamba Ocol anaufuata mwendo wa watu wasiomsikia, na wakati huohuo amekoma kumsikia mkewe. Ndiyo maana mwishoni haombi kisasi, anaomba nafasi ya kucheza mbele ya mumewe. Anataka aitikiwe.

Pingamizi na hitimisho

Yumkini msomaji atauliza: je, kuitikiana kunatosha? Hakutoshi. Kokoro limepigwa marufuku nchini Kenya kwa kuwa huzoa samaki wachanga pamoja na wakubwa. Wavutaji wanaosikilizana barabara waweza, kwa usikivu uo huo, kumnyima riziki mvuvi wa mwakani ambaye hana kamba mkononi. Kwa hiyo hatuna budi kupima mambo mawili: iwapo walio ndani ya mwendo wanaitikiana, na iwapo walio nje yake wana njia ya kusikika.

Mhakiki anayemtuhumu mhusika kwa kuiga angefanya vyema kuyauliza hayo kwanza. Kila mmoja wetu alijifunza kutembea na kusema kwa kuiga, na hakuna anayelionea haya. Aibu ni ya yule ambaye, akiisha kuujua mwendo, hageuki kutazama kama mwenzake bado yupo.