Sauti Hii ni ya Nani?

Mtu achomekapo gita lake katika kishikwambi, kisha kishikwambi katika amplifaya, sauti itokayo kwenye spika ni ya nani? Ni ya mpigaji, ni ya fundi aliyeiandika programu, au ni ya yule mwanamuziki wa zamani ambaye programu inamwigiza? Vijana niliowauliza walicheka. Mimi sicheki, kwa kuwa ndani yake limo swali kongwe kuliko gita: ni kitu gani ambacho binadamu anaweza kukiita chake kwa haki?

Tuielewe kwanza kazi yenyewe. Waya wa gita la umeme ukitikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa nyuzi nyembamba za shaba, huzaa umeme hafifu. Kifaa kidogo huupima umeme huo mara 44,100 au zaidi kwa sekunde na kuugeuza kuwa tarakimu. Kishikwambi huzifanyia hesabu tarakimu hizo, kikaongeza mwangwi, kikakwaruza sauti au kuirefusha. Halafu zinarudishwa kuwa umeme na kupelekwa kwenye amplifaya. Yote yaishe upesi mno, ama sivyo mpigaji atahisi mkono umeachana na sikio. (Lakini kuchelewa huku si kugeni kama tudhanivyo. Sauti hewani huchukua karibu sekunde 0.003 kwa kila mita, kwa hiyo asimamaye mita tatu mbali na spika yake amekwisha kucheleweshwa sekunde 0.009, wala halalamiki.)

Wazee wenzangu husema kwamba huu ni udanganyifu, na kwamba zamani mtu alisikika kama alivyo. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1961, katika wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", gita la besi la Grady Martin lilipita katika njia mbovu ya mtambo wa studio huko Nashville, likatoa mkwaruzo ambao watu waliupenda. Mwaka uliofuata kikatoka kifaa kilichoitwa Maestro Fuzz-Tone, cha kutoa mkwaruzo huo kwa makusudi. Kabla ya kurekodi wimbo uliovuma mwaka 1964, Dave Davies wa bendi ya Kinks, huko Uingereza, aliikata spika yake kwa wembe. Programu ya leo, basi, inaiga kifaa kilichoiga ubovu. Anayetafuta asili safi katika gita la umeme atatafuta sana.

Hata hivyo siwezi kuwaachia vijana ushindi wote. Katika mashine hizi kuna hesabu moja ambayo huibana sauti, yaani hushusha pigo kubwa na kupandisha dogo mpaka yakaribiane. Mkono usio na ulinganifu husikika kama ulinganifu. Mwangwi nao huziba mapengo. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Katanga mwaka 1952, alipiga gita kavu kwa kidole gumba na cha shahada, na katika upigaji wa namna ile hapana pa kujificha.

Nilipokuwa nikikagua wanachuo wa ualimu wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, niliwaona wengine wakiingia darasani na picha za kupendeza, ramani za rangi na kadi zilizokatwa vizuri. Kwa baadhi yao zana zile zilikuwa somo lenyewe lililopata miguu. Kwa wengine zilikuwa pazia, na nyuma ya pazia hapakuwa na mtu. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Nilikuwa namsogelea mwanachuo na kumwuliza kwa upole, picha hii inafanya kazi gani hapa? Aliyejua alijibu mara moja.

Swali hilohilo ndilo ningemwuliza mpigaji gita. Simwambii avue vyote apige kavu ndipo nimwamini. Hilo si haki, kama isivyo haki kumvua mtu miwani ili tupime kama anajua kusoma. Namwuliza kwa nini ameweka mwangwi pale. Programu huja na sauti zilizopangwa tayari, tena nyingi zimeigwa kutoka kwa mabingwa. Kijana anaweza kukaa mwaka mzima ndani ya sauti ya mtu mwingine, akasifiwa, bila kujiuliza hata mara moja mkono wake ulitaka kusema nini. Hapo hakumwibia bingwa. Amejipunja mwenyewe, na hakuna atakayemdai.

Katika kwaya yetu jambo hili lilikuja kama suala la fedha. Kamati ilikuwa na kiasi cha kumnunulia mpigaji wetu kishikwambi na kifaa chake cha kuunganishia, au kumlipia mwalimu kwa miezi kadhaa. Wengi walitaka kishikwambi, maana ibada ingesikika vizuri Jumapili ileile. Nilipigia kura mwalimu, nikashindwa. Kishikwambi kikanunuliwa.

Jumapili ya kwanza sauti ilikuwa nzito kama iliyofunikwa blanketi. Kijana akagundua kwamba programu ilikuwa ikiigiza amplifaya na spika, huku imeunganishwa kwenye amplifaya na spika za kweli. Akazizima za kuigiza, akabakiza mwangwi kidogo. Nilimwuliza huo mwangwi ni wa nini. Akafikiri, akasema ukumbi wetu una mapazia mengi, unameza sauti. Nikaketi nikasikiliza.