GARI LILILOACHWA MVUANI

Masomo: Nehemia 4:1–6, 2 Wafalme 12:4–15, Yeremia 18:1–6



Neno letu la safari hii linatoka mahali ambapo wengi hawategemei kusikia neno la Mungu, yaani chini ya motokari ya zamani. Msishangae. Bwana Yesu alifundisha kwa mbegu, kwa chachu, kwa wavu na kwa taa. Nabii Yeremia aliambiwa kwanza ashuke nyumbani kwa mfinyanzi, ndipo akapewa ujumbe. Basi sisi nasi tushuke kwa fundi.

Huko Ulaya wako watu ambao, wakitoka kazini jioni, huvaa nguo chafu na kulala chini ya gari bovu. Gari wanalolipenda si kubwa. Ni motokari ndogo, yenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na injini yenye nguvu kupita umbo lake. Inayojulikana kuliko zote ni Volkswagen Golf GTI, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa mwaka 1976. Uzito wake ulikuwa kama kilo 810, na nguvu yake ya farasi 110. Wafaransa nao walitoa Peugeot 205 GTI mwaka 1984. Wenye kiwanda cha Golf walipanga kutengeneza 5,000 tu za namna ile, lakini za umbo la kwanza peke yake zilitoka zaidi ya 400,000. Halafu miaka ikapita. Nyingi ziligongwa, nyingine zikauzwa kwa bei ya chuma, nyingine zikaachwa nyuma ya nyumba mpaka majani yakaota ndani yake. Leo watu wanazitafuta, wanazikokota mpaka nyumbani, na kukaa nazo mwaka mmoja, miwili, mitano, mpaka zitembee tena.

Tazameni pia kiwanda zilikotoka, kule Wolfsburg, Ujerumani. Wakati wa vita watu waliochukuliwa kwa nguvu walifanyishwa kazi humo. Mwaka 1944 kilipigwa mabomu. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walimweka afisa wao mmoja, Ivan Hirst, akisimamie. Hakukuta kiwanda kizuri, alikuta vifusi. Vikaondolewa, mashine zilizobaki zikasafishwa, na magari yakaanza kutoka tena. Ndugu, Sanbalati alipowacheka Wayahudi, kicheko chake kilikuwa juu ya jambo hilo hilo: kwamba eti mawe yaliyoungua yataweza kutolewa katika vifusi na kuishi tena. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Gari ndogo ya chini kama hiyo haifai kwa njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Matope yangeishika tumboni kabla ya kufika mbali. Lakini kazi yenyewe tunaijua. Kwetu ni Land Rover ya mzee iliyosimama chini ya mwembe, ni kamyo isiyo na magurudumu, ni moto iliyofichwa ndani ya nyumba tangu vita, ni kinga iliyobaki chuma tupu. Na sisi wa Kasongo hatuna haja ya kufundishwa maana ya kitu kilichoachwa. Mji wa kale wa Kasongo, ule wa siku za Tippu Tip, uliotekwa na askari wa Leopold wa Pili mwaka 1893, mahali pake panaitwa Tongoni. Tongo ni mahali palipohamwa. Kila tukilitaja jina hilo, tunakumbushwa kwamba hata mji mkubwa unaweza kugeuka kichaka, watu wakiuacha.

Basi tusikie mambo matano ambayo fundi anatufundisha.

La kwanza: kitu kilichoachwa hakikai kama kilivyoachwa. Mtu husema, "Gari langu liko pale pale, siku nikipata pesa nitaliwasha." Anajidanganya. Esansi iliyobaki ndani ya tangi inaharibika, inageuka kama ulimbo na kuziba mirija. Mafuta ya breki yanavuta unyevu wa hewa, na unyevu unaleta kutu ndani kwa ndani. Mipira inapasuka. Panya wanatafuna waya. Na tena kuna panya wenye miguu miwili. Wa kwanza anachukua kioo, wa pili batri, wa tatu gurudumu. Hakuna hata mmoja anayejiita mwizi. Kila mmoja anasema, "Si linaoza tu?"

Ndugu zangu, je, hamjaona jambo hilo likifanyika katika lupango la mjane? Mume amezikwa juzi, matanga hayajakwisha, na tayari huyu amechukua kinga, yule amechukua mbuzi, mwingine anauliza habari za shamba na mabati ya nyumba. Kila mmoja anachukua piesi yake, na kusema ni mali ya ndugu yetu. Mwisho mama na watoto wanabaki kama gari juu ya mawe. Tujue kwamba hata sheria ya nchi inakataza. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wa marehemu mbele katika urithi, na inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake. Na kabla ya sheria hiyo, Musa na manabii walisema juu ya mjane na yatima kwa sauti kubwa. Mkristo anayemvua mjane, hata akipiga ngoma ya sifa mpaka asubuhi, sifa zake haziendi popote.

La pili: usikimbilie kuwasha. Kijana asiyejua, akipata gari lililolala miaka kumi, kitu cha kwanza anatafuta batri na kulazimisha injini izunguke. Pete za ndani zimekauka, pengine zimeshikana na silinda. Akilazimisha, anavunja kile kilichokuwa kizima. Fundi mwenye akili hafanyi hivyo. Anatoa buji, anamimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda, anaacha yanywe. Kisha anazungusha injini kwa mkono, polepole, akisikiliza. Anamwaga oili ya zamani, anaosha tangi, anabadilisha mkanda wa mpira unaoendesha vali, kwa sababu mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Ndipo anajaribu.

Nehemia alifanya vivyo hivyo. Alipofika Yerusalemu hakuita mkutano siku ile. Alitoka usiku na watu wachache, akatazama kuta na milango iliyoungua, kabla ya kumwambia mtu yeyote.

Hapa tuna neno kwa makanisa yetu. Kutoka misitu ya Kabambare na sehemu za Salamabila wanarudi vijana walioshika bunduki, wengine tangu utoto. Wanarudi mabinti waliochukuliwa kwa nguvu, wengine na mtoto mgongoni. Serikali ilianzisha programu ya P-DDRCS mwaka 2021 kwa ajili ya kupokonya silaha na kuwarudisha watu katika jamii. Lakini karatasi hairudishi mtu nyumbani. Mtu anarudishwa na mama anayempa sahani, na jirani anayeitikia salamu yake. Na tafadhali, kijana huyo asisimamishwe mbele ya watu siku ya Mungu ya kwanza ili aseme yote aliyoyafanya, ati ni ushuhuda. Wala binti asiulizwe mbele ya wamama ni nani baba ya mtoto. Huko ni kulazimisha injini. Mpeni mafuta kwanza. Mpeni kazi ya mikono, mpeni mzee mmoja wa kusali naye. Mzungusheni kwa mkono, polepole, mkisikiliza.

La tatu: breki kabla ya mbio. Injini ikinguruma, watoto wanapiga kelele na jirani anashangilia. Lakini fundi anajua kwamba gari linalokwenda bila kusimama ni jeneza. Ndiyo sababu anafungua magurudumu yote manne, anatazama breki iliyoshikwa na kutu, anabadilisha mafuta yake na mipira yake, kabla gari halijatoka njiani. Siku hizi wako wengi wenye injini ya kiroho. Wanaona maono, wananena, wanaomba kwa nguvu. Hayo ni mema, nasi hatuyazimi. Lakini breki ziko wapi? Kijana aliyepata dhahabu kidogo kule machimboni, akaimaliza kwa pombe na wanawake kabla ya kurudi kwa wazazi, hakukosa nguvu. Alikosa breki. Na mtumishi anayetabiri mambo ya nyumba za watu mpaka ndoa zinavunjika, naye hakukosa nguvu. Kiasi ni tunda la Roho kama vile furaha ilivyo tunda la Roho.

La nne: usipake rangi juu ya kutu. Hii ndiyo hila ya wauza magari wabaya. Wanachukua chuma kilichooza, wanakijaza udongo wa kuzibia, wanapaka rangi nyekundu inayong'aa. Mnunuzi anafurahi. Mvua moja, mbili, na rangi inatoa malengelenge, kwa maana kutu haikufa, ilifunikwa tu. Fundi wa kweli anakwangua mpaka aone chuma kizima. Palipooza kabisa anakata na kuchomelea kipande kipya. Kwa siku kadhaa gari linaonekana baya kuliko lilipokuwa limeachwa. Wapita njia wanasema, "Wameliharibu kabisa." Mwacheni fundi amalize.

Toba ni hiyo. Kuna upatanisho wa rangi: familia mbili zinaitwa, zinapeana mikono, zinakula kuku, na shamba lililoporwa halikurudishwa. Huo hautapita masika moja. Zakayo hakusema tu kwamba anasikitika. Alirudisha mara nne. Tukitaka amani kati ya kabila na kabila, kati ya lupango na lupango, lazima neno lililooza litajwe kwa jina lake, na kilichochukuliwa kirudi.

La tano: piesi za halali na hesabu iliyo wazi. Kazi hii inagharimu. Wengi wanaianza kwa furaha, wanafungua kila kitu, halafu pesa inakwisha, na gari linabaki vipande vipande ndani ya makarai. Bwana Yesu alikwisha kusema juu ya mtu anayeanza mnara bila kuketi na kuhesabu. Na pesa ikikosekana, jaribu linakuja: mtu anakuletea piesi usiku, bei ndogo, usimuulize ameitoa wapi. Ndugu, piesi hiyo imetoka katika gari la mwenzako. Huwezi kufufua cha kwako kwa kuua cha jirani.

Katika siku za mfalme Yoashi, hekalu lilikuwa limebomoka, na makuhani walipokea fedha miaka mingi bila kutengeneza kitu. Ndipo Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha ilihesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, ikapewa maseremala na waashi. Hivyo nyumba ikatengenezwa. Makanisa yetu na yajifunze: sanduku moja, tundu juu, wahesabuji wawili.

Sasa mtu atauliza: je, ni vema mtu akae miaka mitatu na gari bovu, wakati watu wana njaa? Tunajibu: kazi ya mikono si dhambi, na baba anayefundisha watoto wake kufungua nati kwa uvumilivu anawapa urithi mzuri. Lakini kama gari linapata oili mpya na mama mzazi hana sabuni, gari hilo limekuwa sanamu. Kama tunaweza kukwangua mlango wa chuma siku saba bila kuchoka, na hatuwezi kumsikiliza mtu aliyevunjika nusu saa, chuma kitatushitaki siku ile.

Yeremia aliona chombo kimeharibika mikononi mwa mfinyanzi. Mfinyanzi hakukitupa nje. Aliukanda udongo ule ule, akafanya chombo kingine kama alivyoona vema. Udongo ule ule, ndugu! Mungu hahitaji kwenda mbali kutafuta watu wapya. Atatumia hawa hawa wa Kasongo na wa Kabambare, wakikubali kukandwa.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja. Kila nyumba itazame karibu yake mtu mmoja aliyeachwa mvuani: mjane aliyevuliwa, mzee aliyeitwa mchawi, kijana aliyerudi kutoka msituni, binti aliyefichwa jikoni. Mwende kwake mkiwa wawili. Msianze kwa mahubiri. Anzeni kwa maji, kuni na salamu. Na kama ndani ya nyumba yenu kimo kitu chake, kirudisheni.

Ee Mungu, wewe usiyeuita ukiwa jina la mwisho la mji wowote, utazame Maniema. Uondoe kutu iliyo ndani yetu wala usiifunike. Utupe nguvu, na pamoja na nguvu utupe kiasi. Waliotupwa uwainue, na mikono yetu uifanye mikono ya mafundi wako. Amina.