Kuhudumu Mezani

Somo la 9

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Matendo 6:1–7, Luka 14:12–14, Nehemia 8:9–12, Kutoka 16:22–30, Marko 6:30–44, Luka 10:38–42, 1 Samweli 30:21–25.

Fungu la Kukariri: Luka 14:13, 14. Lisome na kulikariri kama lilivyo katika Biblia yako.

Mwaka unapoelekea ukingoni, makanisa mengi ya Afrika Mashariki huandaa chakula cha pamoja. Waadventista Wasabato hawaitunzi Desemba 25 kama siku takatifu, kwa kuwa Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Bwana. Lakini wanajua kwamba siku hizo shule zimefungwa, ndugu wamerudi kutoka mijini, na jirani ambaye hajawahi kuingia kanisani hukubali kualikwa kula. Mwaka 1879 Ellen G. White aliwashauri waumini waielekeze sikukuu hiyo kwenye kumtolea Mungu, badala ya kuipoteza katika anasa.

Hata hivyo, meza ya kanisa yaweza kujenga na yaweza kujeruhi. Mjane aliyechelewa kufika hukuta masufuria yamekombwa. Mgeni husimama mlangoni na sahani mkononi, asijue akae wapi. Mama yuleyule aliyeinama juu ya moto mwaka jana ameinama tena mwaka huu, moshi machoni, na mahubiri anayasikia kwa mbali. Wote watatu wamo katika uwanja wa kanisa, lakini hakuna hata mmoja aliyeketi mezani. Somo la juma hili linauliza: chakula cha kanisa kipangwe namna gani ili anayesahaulika akumbukwe?

Jifunze somo hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI

Wajane Waliosahauliwa

Soma Matendo 6:1–7. Ni jambo gani lililoleta manung'uniko katika kanisa la kwanza, na mitume walilitatua kwa njia gani?

Kanisa lilikuwa likikua upesi, na kukua huko ndiko kulikoleta shida. Wajane wa Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani walikuwa wakirukwa wakati wa kugawa riziki za kila siku. Luka hasemi kwamba mtu alikusudia kuwanyima. Huenda hapakuwa na chuki yoyote. Hapakuwa tu na mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuhakikisha kila jina limefikiwa. Lakini mjane aliyelala njaa hapati faraja kwa kuambiwa kwamba haikukusudiwa.

Mitume hawakuyadharau manung'uniko hayo kwa sababu yalihusu chakula. Waliita mkutano, wakataka watu saba wachaguliwe, wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Tazama kipimo hicho. Kugawa chakula kulihitaji watu waliojaa Roho! Katika Kiyunani, neno moja, diakonia, limetumika kwa huduma ya mezani na kwa huduma ya Neno. Ndilo lenye uhusiano na neno shemasi.

Majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani, na mmoja wao, Nikolao wa Antiokia, hakuzaliwa Myahudi. Yaelekea kanisa liliwakabidhi ghala watu waliolifahamu vizuri kundi lililokuwa likisahauliwa. Baada ya hapo Luka anaandika kwamba Neno la Mungu lilienea na idadi ya wanafunzi ikazidi sana. Meza ilipotengenezwa, injili ilisonga mbele.

Katika kanisa lenu, ni kundi gani linaloweza kurukwa bila mtu yeyote kukusudia? Je, kuna mmoja wao katika kamati inayopanga chakula?

JUMATATU

Orodha ya Wageni

Soma Luka 14:12–14 na Nehemia 8:9–12. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu watu wanaopaswa kushiriki karamu?

Yesu alikuwa mgeni katika nyumba ya Farisayo alipomgeukia mwenyeji wake na kumwambia juu ya orodha ya wageni. Marafiki, ndugu na majirani matajiri watarudisha mwaliko, na hapo hesabu itakuwa imefungwa. Maskini, vilema na vipofu hawana cha kurudisha. Malipo yake yamewekwa hadi ufufuo wa wenye haki.

Katika siku za Ezra na Nehemia, watu waliposikia torati ikisomwa walilia. Wakaambiwa waache kulia, wale na kunywa, na wapeleke sehemu kwa wale ambao hawakuandaliwa kitu. Furaha ya siku ile haikuwa kamili mpaka chakula kimetoka nje ya mkutano na kuwafikia waliokosa.

Basi kazi ya kwanza ya kamati huanza kabla ya kununua mchele, nayo ni kuandika majina. Shemasi ana daftari la washiriki. Dorkasi wanajua nani anaumwa na nani amefiwa mwaka huu. Mwalimu wa darasa la watoto anajua ni mtoto gani huja Sabato bila kunywa hata uji. Vijana wanamfahamu mwanafunzi aliyebaki chumbani alikopanga kwa sababu hana nauli ya kurudi kwao. Majina hayo yakiletwa pamoja, karamu hubadilika. Na kwa mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani, sehemu yake ipakuliwe kwanza, ifunikwe, na ipelekwe ingali moto. Akipelekewa mabaki jioni, ujumbe anaoupata ni mwingine.

Ukitazama watu uliokula nao sikukuu zilizopita, ni wangapi wasingeweza kukurudishia mwaliko?

JUMANNE

Siku ya Maandalio

Soma Kutoka 16:22–30. Mungu aliwafundisha Israeli kupanga chakula chao namna gani kuelekea Sabato?

Jangwani, siku ya sita ilikuwa na mana maradufu. Watu waliambiwa waoke na watokose siku hiyo, na kilichosalia kilihifadhiwa hadi asubuhi bila kuoza. Mungu aliwapa chakula, na pia aliwapa ratiba. Pumziko la Sabato lililindwa na kazi ya Ijumaa.

Kanisa linalopanga karamu lapaswa kuamua mapema itakuwa siku gani. Ikiwezekana, chakula kinachohitaji moto mkubwa na mikono mingi kipangwe siku nyingine ya sikukuu, ili wapishi nao waipate Sabato. Ikiwa chakula kitaliwa Sabato baada ya ibada, kichaguliwe kinachoweza kuandaliwa Ijumaa na kutunzwa salama: mikate, karanga, matunda yatakayooshwa mapema, viazi vilivyochemshwa. Wali uliopikwa Ijumaa na kuachwa katika sufuria usiku kucha kwenye joto unaweza kuwadhuru watu. Upendo hauwalishi watu chakula kilichochacha kwa kisingizio cha kutunza Sabato, wala hauivunji Sabato kwa kisingizio cha ukarimu. Upendo hupanga mapema.

Hesabu nayo ni sehemu ya maandalio. Wapishi wengi hukadiria kilo 1 ya mchele kwa watu 6 hadi 8. Wageni 240 watahitaji kilo 30 hadi 40. Anayekadiria kwa macho huishia kuwapunguzia wale wa mwisho kwenye foleni, na mara nyingi wa mwisho ni watoto, wazee na wageni wenye haya. Kuhesabu vizuri ni njia mojawapo ya kumpenda jirani.

Je, maandalizi ya kanisa lenu huwasaidia wahudumu kuingia Sabato wakiwa wamepumzika, au huwafikisha wakiwa wamechoka na kununa?

JUMATANO

Hamsini kwa Hamsini

Soma Marko 6:30–44. Yesu aliwashirikishaje wanafunzi katika kuwalisha makutano?

Wanafunzi walipendekeza watu waagwe wakajinunulie chakula. Pendekezo hilo lilikuwa la busara, tena lisingewagharimu kitu. Yesu aliwarudishia mzigo: wao wenyewe wawape watu chakula. Kisha akawauliza wana mikate mingapi, akawatuma wakaangalie. Walirudi na mikate mitano na samaki wawili.

Kabla ya muujiza, palikuwa na utaratibu. Watu waliketi juu ya majani mabichi, safu kwa safu, mia mia na hamsini hamsini. Katika umati uliosimama, mwenye nguvu hufika mbele na mama mwenye mtoto mgongoni husukumwa nyuma. Katika safu iliyoketi, kila mtu anaonekana. Yesu aliibariki mikate, akaimega, akawapa wanafunzi, nao wakawaandalia watu. Wote wakala wakashiba, na vipande vilivyobaki vikajaza vikapu kumi na viwili.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Chakula cha kanisa huhitaji wengi, na kila mmoja ajue sehemu yake. Wengine huchambua mchele na kumenya viazi. Wengine huchota maji na kupasua kuni. Watafuta Njia huwapelekea wazee sahani mahali walipoketi. Mtu mmoja husimama mlangoni, kazi yake ni kumpokea mgeni, kumtafutia nafasi na kuketi naye. Mhazini huandika kila kilichotolewa, iwe ni gunia la maharage au mkungu wa ndizi, ili mtoaji asiwe na shaka. Wengine huosha vyombo. Aliye na kidogo asione haya kukileta, kwa maana Bwana hakuanza na mikate elfu tano.

Ni kipawa gani kidogo ambacho umekuwa ukikizuia kwa sababu unadhani hakitoshi?

ALHAMISI

Martha na Walinzi wa Mizigo

Soma Luka 10:38–42 na 1 Samweli 30:21–25. Mafungu haya yanasema nini kuhusu wale wanaofanya kazi isiyoonekana?

Martha hulaumiwa sana mimbarini, mara nyingi na watu wanaosubiri chakula chake. Lakini Yesu hakumkemea kwa kupika. Alimhurumia kwa kuwa mambo mengi yalimsumbua hata asiweze kusikia. Malalamiko ya Martha yalikuwa na kiini kingine pia: alijiona ameachwa peke yake. Baadaye, katika Yohana 12:2, Martha anahudumu tena mezani huko Bethania, na safari hii Biblia haitaji lalamiko lolote. Bwana hakumwondolea huduma. Alimpa nafasi ya kusikia kwanza.

Daudi alipowafuatia Waamaleki, watu 400 waliendelea naye, na 200 waliochoka mno wakabaki na mizigo kwenye kijito cha Besori. Waliorudi na ushindi, baadhi yao, hawakutaka kugawana nyara na waliobaki. Daudi alikataa. Fungu la aliyeshuka vitani na la aliyekaa na vyombo likawa sawasawa, na ikawa sheria katika Israeli.

Kanisa linahitaji sheria hiyo jikoni. Kuwategemea wanaojitolea si ruhusa ya kuwatumia mpaka waishe. Zamu zigawanywe, ili hakuna mtu anayekaa motoni tangu alfajiri hadi jioni. Wanaume na vijana waingie jikoni, si kusubiri kuitwa kuonja. Chakula cha wahudumu kipakuliwe na kuwekwa kando kabla ya watu kuanza kula, si kukwanguliwa kutoka ukoko. Na kila mwaka sura za jikoni zibadilike, ili aliyepika mwaka jana aketi mwaka huu na kuhudumiwa. Bwana aliyewaosha wanafunzi miguu angeanza na miguu ya mama huyo.

Mtaje moyoni mtu mmoja ambaye huduma yake umeizoea hata huioni tena. Utafanya nini juma hili ili naye apate kuketi?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena habari ya kulishwa kwa watu elfu tano katika Injili zote nne, kisha soma sura ya 39 ya kitabu cha Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote. Mwandishi anaonyesha kwamba Kristo alipokea kutoka kwa Baba, akawapa wanafunzi, nao wakawapa watu. Mhudumu si chemchemi. Yeye ni mfereji, na mfereji usiopokea maji hukauka. Ndiyo maana ibada na jiko visitenganishwe. Anayepika na asikie Neno, na aliyesikia Neno na apike.

Kumbuka pia kwamba wanafunzi walipoambiwa wawape watu chakula, wao wenyewe walikuwa hawajapata hata nafasi ya kula (Marko 6:31). Yesu aliujua uchovu wao. Ndiye aliyewaita wakapumzike. Siku ile ilipokwisha, vikapu kumi na viwili vilikuwa vimejaa mbele ya wanafunzi kumi na wawili.

Ipo karamu nyingine ijayo. Katika Luka 12:37 Yesu anasema habari za bwana atakayejifunga, awaketishe watumishi wake chakulani, na kuwahudumia mwenyewe. Kila chakula cha kanisa kinaweza kuwa onjo la karamu hiyo, kikiandaliwa hivi kwamba aliyezoea kusimama anaalikwa kuketi.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini mitume walitaka watu waliojaa Roho kwa kazi ya kugawa chakula? Jambo hilo liathiri vipi jinsi kanisa linavyochagua mashemasi?

2. Mshiriki mmoja anasema fedha za chakula cha sikukuu zingefaa zaidi katika uinjilisti. Mwingine anasema chakula hicho ndicho uinjilisti. Mtawajibu vipi wote wawili kwa kutumia Matendo 6:7?

3. Pangeni pamoja darasani: nani ataandika majina, nani atawafikia wagonjwa, nani atampokea mgeni mlangoni, na nani atachukua nafasi ya wale waliopika mwaka jana? Msimalize kipindi kabla ya kila kazi kupata jina.