Pikipiki Ikiteleza, Nani Atajibu?

Mvua za kwanza zikinyesha Usukuma, kila nyumba hufurahi. Mkulima wa pamba na mahindi hulitazama wingu kama mtu amtazamavyo mgeni aliyekawia njiani. Lakini yuko mmoja ambaye furaha yake huchanganyika na hofu. Ni yule kijana aketiye juu ya pikipiki yake kijiweni, akingoja abiria. Yeye ajua ya kuwa tangu siku hiyo, yaani kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, njia aliyoizoea si njia ile tena.

Wasomaji wetu wakaao mbali huenda hawaujui udongo wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo mweusi, ulioenea Kishapu na sehemu nyingi za Shinyanga, hukauka ukapasuka nyufa pana. Ukipata maji huyanywa, huvimba, na uso wake huwa kama sabuni. Gurudumu likipita, matope hujaza mifereji ya mpira, na mpira uliokuwa na meno huwa laini kama chupa. Wenyeji hawakosei kuutofautisha na ule udongo wa kichanga wauitao luseni, ambao huyapitisha maji upesi. Walakini safari moja yaweza kuanza katika luseni na kumalizikia mbugani, na pikipiki haichagui.

Gari likiteleza, mara nyingi huishia mtaroni, na waliomo bado wameketi. Chombo cha magurudumu mawili sivyo kilivyo. Chasimama kwa sababu chakwenda, na kwa sababu gurudumu la mbele limeishika ardhi. Likikosa kushika, hakuna kitu kingine cha kukiegemeza. Wala lami si kinga, maana manyunyu ya kwanza huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyolala barabarani kiangazi kizima, na utelezi wake huwadanganya hata wazoefu. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata breki hauongezeki mara mbili, bali mara nne. Hiyo ni kanuni ya maumbile, nayo haimwonei haya mtu mwenye haraka.

Basi, twauliza: je, ni halali mtu kuutia uhai wake katika hatari hiyo kwa ajili ya nauli? Na je, ni halali kumtia humo mtu mwingine?

Wako watu ulimwenguni wanaotafuta utelezi kwa kupenda. Huko Ujerumani, tangu mwaka 1956, ilianzishwa desturi ya waendesha pikipiki kukutana katikati ya majira ya baridi, wakati theluji imefunika nchi na maji yameganda njiani. Mkutano huo huitwa Elefantentreffen, maana yake mkutano wa tembo, na siku hizi hufanyika katika misitu ya Bavaria. Wengine hufunga minyororo katika magurudumu, wengine hutumia pikipiki zenye kigari cha pembeni ili zisianguke. Hulala katika mahema juu ya theluji, kisha hurudi kwao kwa njia ile ile ya barafu.

Mtu wa Shinyanga akisikia habari hiyo aweza kucheka, au kushangaa. Yeye hana theluji, ila ana mbuga. Na matope yake hayapishani sana na barafu yao. Lakini mwendeshaji wa Bavaria amekwenda kwa hiari, amejiandaa miezi kadhaa, tena kama hali ikizidi aweza kukaa nyumbani na hakuna mtoto atakayelala njaa kwa sababu hiyo. Kijana wa kwetu hatafuti mchezo. Anatafuta unga. Kwa hiyo yatupasa tusiwe wepesi wa kumhukumu. Hatari ni moja, lakini sababu ni mbalimbali, na uhuru wao haulingani.

Wahenga wa falsafa walilipima jambo hili zamani. Aristotle alifundisha ya kuwa ushujaa hukaa kati ya woga na ujasiri usio na akili, na Mtakatifu Thoma wa Akwino alimfuata, akaeleza ya kuwa fadhila ya nguvu haiwezi kusimama bila busara. Maana yake ni kwamba hatari peke yake haimfanyi mtu shujaa. Kwanza tazama jema analolitafuta, kisha tazama kama jema hilo lastahili kitu anachokiweka rehani.

Tuchukue mfano ulio wa kila mwaka. Usiku wa manane, mvua inanyesha, mama amepatwa na uchungu wa kuzaa kijijini, na zahanati iko mbali. Jirani mwenye pikipiki aamshwa. Akiondoka polepole, taa imewashwa, na mwanamke wa pili akifuata kwa pikipiki nyingine ili kusaidia, nani atamlaumu? Hatari ya kwenda ni kubwa, ila hatari ya kukaa ni kubwa zaidi. Mtu huyo ni shujaa, hata kama mikono yake yatetemeka. Hapa yafaa tukumbushe ya kuwa mpango wa m-mama, ambao Shinyanga ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuupokea, huita gari kwa ajili ya mama mjamzito na mtoto mchanga wenye dharura, kwa simu ya bure ya namba 115. Kila baba wa familia na aijue namba hiyo kabla ya mvua kuanza. Busara haianzi wakati wa dhoruba. Huanza wakati wa jua.

Sasa tumtazame kijana yule yule, njia ile ile, mvua ile ile. Lakini nyuma yake wameketi watu wawili, wale wanaoitwa mishikaki, nao wanawahi mnadani. Matope hayakubadilika, ila jema linalotafutwa limekuwa dogo na watu waliowekwa rehani wamezidi. Hapo ushujaa umekwisha, na limebaki lile jina jingine.

Mtu ataniambia: “Mhariri, abiria mwenyewe amekubali kupanda. Kosa liko wapi?” Ni kweli, mtu mzima aliyepanda kwa macho yake amechukua sehemu ya hatari. Lakini mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake hakuulizwa. Mke aliyebaki nyumbani hakuulizwa, wala wazee wanaomtegemea kijana huyo hawakuulizwa. Amri ya Tano haikutukataza kuua kwa mkuki tu. Yatudai tuutunze uhai, wetu na wa jirani, kama kitu tulichokabidhiwa, si kama kitu tulichokinunua. Na mtu hawezi kuuza asichokuwa nacho.

Neno hilo la kuuza latupeleka kwenye nchi ya dhahabu. Dhahabu ya Geita yajulikana tangu mwisho wa karne ya 19, na mgodi wa zamani ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hata miaka ya 1960, kabla ya mgodi mkubwa wa sasa kufunguliwa mwaka 2000. Pamoja na migodi ya makampuni wako wachimbaji wadogo wengi, huko Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na kwingineko, na pikipiki ndizo miguu yao. Hubeba watu, maji, mkaa, chakula na viroba vya mawe. Mahali penye dhahabu fedha huja kwa ghafula, na mwenye fedha za ghafula hapendi kungoja. Husema: “Nakupa nauli mara mbili, unifikishe kabla ya giza.” Ndugu msomaji, katika neno lile hununui safari, maana safari ina bei yake. Wanunua haraka; na haraka katika matope hutolewa mahali pamoja tu, yaani katika usalama wa yule anayeshika usukani na wa kwako. Kijana aliyekosa chakula cha mchana hana nguvu ya kukataa. Basi umemshawishi, na mwenye kushawishi ana sehemu yake katika kosa.

Sisi tunaoandika haya hatuna mikono safi. Tumewahi kuchelewa kwa uzembe wetu, kisha tukamgonga mwendeshaji begani tukisema, “Ongeza kidogo, kijana.” Aliongeza, kwa heshima. Tulifika salama, nasi tukamshukuru Mungu, tukasahau kumwomba radhi yule kijana. Tangu tulipolifikiri jambo hilo, tumeona ya kuwa shukrani ile ilikuwa na upungufu.

Yuko na mtu wa tatu, ambaye hayupo njiani kabisa. Vijana wengi hawana pikipiki zao. Zina tajiri, naye hudai hesabu ya kila siku. Wengine wako katika mkataba, ili baada ya kulipa muda fulani chombo kiwe chao. Mpango huo si mbaya. Umewatoa vijana wengi katika baiskeli ambazo zamani ndizo zilizobeba abiria katika miji ya Shinyanga na Kahama, na tangu kanuni za mwaka 2010 kazi hiyo yatambuliwa na serikali. Walakini tazama: siku ya jua hesabu ni ile ile, na siku ya gharika hesabu ni ile ile. Mvua ikinyesha kutwa, kijana ana mambo mawili tu: aingie mbugani, au alale na deni. Tajiri ameketi chini ya bati, anasikiliza mvua, hajui ya kuwa ni yeye anayekaza mwendo wa pikipiki ile.

Atasema, “Tulipatana.” Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alieleza ya kuwa mapatano ambayo mfanyakazi ameyakubali kwa kubanwa na shida hayawi ya haki kwa sababu tu yalikubaliwa. Tajiri Mkristo na ajiulize kama hesabu ya siku ya dhoruba haiwezi kupunguzwa, au siku hiyo kuongezwa mwishoni mwa mkataba. Fedha hiyo haitapotea, itachelewa. Na wahenga wetu walisema: Kawia ufike.

Twajua majibu yanayotolewa kijiweni. La kwanza: “Siku ya mtu ikifika, imefika.” Lakini anayesema hivyo hufunga mbuzi wake jioni, na huitazama barabara pande zote kabla ya kuivuka. Kama anamwamini Mungu kwa uhai wake, mbona hamwamini kwa mbuzi wake? Kumtumaini Mungu ni kufanya lililo letu na kumwachia lililo lake. Kumwachia na lile la kwetu si imani, ni kumjaribu.

Jibu la pili ni zito, wala hatuwezi kulipuuza: “Nikikaa nyumbani miezi ya mvua, watoto watakula nini?” Hatusemi akae. Twasema aende kama mtu mwenye dhamana. Avae kofia ngumu na kumvika abiria wake, kama sheria inavyodai. Abebe mtu mmoja. Atazame mpira wake kabla ya Novemba, si baada ya kuanguka. Akifika kwenye mto uliojaa, asipime kina kwa roho ya abiria. Na ajifunze kusema “hapana” mara moja moja, hata kama mwingine kijiweni atasema “ndiyo”. Hapo vijana wa kijiwe kimoja wangeweza kusaidiana sana: wakikubaliana wote ya kuwa mvua ikizidi kiasi fulani hakuna atakayepita njia fulani, hakuna atakayepoteza mteja kwa sababu ya busara yake. Busara ya mtu mmoja humgharimu. Busara ya wote huwalinda wote.

Na abiria je? Naye ana fadhila yake, tena ni nyepesi kuieleza. Pale njia inaposhuka kwenye tope jeusi, mwendeshaji hupunguza mwendo, akageuza kichwa kidogo. Mara nyingi haoni vema kusema, maana wewe ni mzee wake, au mama yake kwa umri, au umevaa viatu vizuri. Usimngoje aseme. Shuka. Vua viatu, pandisha nguo, tembea zile hatua hamsini au mia, na umwache apitishe chombo chake polepole kikiwa chepesi. Upande wa pili mtapanda tena. Utafika na miguu michafu, na maji ya kuisafisha yatapatikana.